Somo la uchunguzi kwa ramani ya kidijitali: nukta zisiishie baharini

Juzi mwalimu mwenzangu alinitumia ramani ya darasa lake. Wanafunzi walikuwa wamepima sehemu ambazo maji hutuama mvua ikinyesha, na nukta zote zilikuwa katikati ya bahari. Nilicheka, kisha nikakumbuka kwamba kosa hilohilo liliwahi kunila jioni nzima.

1. Anza na swali. "Tutengeneze ramani ya shule" si swali. "Maji yanatuama wapi, na kwa nini hapo?" ni swali. Kila kikundi kichore ubashiri wake kwenye karatasi kabla ya kugusa simu.

2. Kusanyeni nukta. Simu janja ya kawaida inatosha. Simameni uwanjani palipo wazi, subirini kidogo, kwa sababu kando ya ukuta mrefu GPS hudanganya.

3. Safisha jedwali la latitudo na longitudo za nukta hizo. Hapa ndipo muda wangu ulipopotelea.

Latitudo na longitudo ziwe kwenye safu mbili tofauti, kwa desimali. Nyuzi 6 na dakika 30 ni 6.5, si 6.30, ukikosea hapo, umehama kama kilomita 22. Kusini mwa ikweta latitudo huwa na alama ya kutoa. Ukiisahau kwenye 6 kusini, nukta inarukia 6 kaskazini, zaidi ya kilomita 1,300 kutoka ilipo. Tumia nukta ya desimali, si mkato, maana kwenye faili la CSV (jedwali la maandishi ambalo mikato hutenganisha safu) mkato huikata namba vipande viwili. Na usiruhusu lahajedwali likupunguzie tarakimu: desimali tano ni karibu mita moja, desimali tatu ni zaidi ya mita 100, yaani shule nzima inaweza kurundikana kwenye nukta moja.

Halafu kuna mtego wa X na Y. Mdomoni tumezoea kuanza na latitudo, lakini QGIS, programu ya kutengeneza ramani, inataka longitudo kwenye X na latitudo kwenye Y. Huyo mwenzangu alizigeuza, basi. Mfumo wa viwianishi (coordinates) uwe EPSG:4326, yaani ule wa latitudo na longitudo ambao GPS hutumia. Jaribu nukta moja unayoijua, kama lango la shule, kabla ya kupakia zote.

4. Pakia. Mimi napenda QGIS: ni ya bure na hufanya kazi bila intaneti. Kompyuta zikiwa dhaifu, tumia uMap, tovuti ya kutengeneza ramani, kwenye kivinjari. Chini ya nukta weka OpenStreetMap, ramani huria ya dunia, iwe usuli.

5. Waache wabishane. Nukta inayokataa kufuata wenzake ndiyo ya kufuatilia. Daktari John Snow alipochora kwenye ramani vifo vya kipindupindu London mwaka 1854, pampu ya maji ya Broad Street ilionekana wazi kuwa chanzo. Ila wafanyakazi wa kiwanda cha bia cha jirani hawakufa, na kumbe walikuwa na kisima chao na bia yao. Kwa hiyo kikundi kikiona sehemu ya bondeni iliyo kavu, usiwape jibu. Warudishe nje wakaangalie udongo na mifereji.

6. Kabla ya kuiweka mtandaoni, futa majina ya wanafunzi na nukta yoyote iliyochukuliwa nyumbani kwa mtu.