Prosesa inachemka? Kabla hujanunua feni kubwa, jua kwanza joto limekwama wapi

Desktop za ofisi zilizotumika, hizi Dell OptiPlex na HP zinazoshushwa na makontena toka Ulaya na Dubai alafu zinaishia Kariakoo, nyingi ni vyuma kweli, shida yake ni kwamba zinafika na vumbi la miaka na pesti ya prosesa (ile krimu ya kupitisha joto inayopakwa juu yake) iliyokauka kitambo, mtu anainunua, anaiweka chumbani kwenye joto la Dar la mwezi wa pili, anawasha gemu, baada ya muda feni inaunguruma kama jenereta na mashine inakuwa nzito. Kinachofuata wote tunakijua, anaenda dukani kuulizia feni kubwa. Wakuu, feni kubwa sio dawa ya kila homa. Joto linazaliwa kwenye prosesa, linapita kwenye pesti, linaingia kwenye hitisinki yaani lile dude la alumini lenye mapezi, linachukuliwa na hewa ya feni, alafu hewa hiyo nayo inabidi itoke nje ya kasha. Linaweza kukwama popote hapo katikati, na ukijua limekwama wapi mara nyingi hununui kitu zaidi ya sindano moja ya pesti.

Nitatumia mfano wa OptiPlex 9020 yenye prosesa ya Intel i5-4590 kwasababu hizo zipo nyingi mtaani, ila njia ni ileile hata kama yako ni ya kuunga mwenyewe.

Pima kabla hujagusa skrubu

Shusha programu ya kusoma joto, HWMonitor au Core Temp, zote bure, na kama unapenda namba nyingi kuna HWiNFO. Angalia joto la kila koa, yaani kila kiini cha prosesa, na usihangaike na mengine, maana HWMonitor huwa inaonyesha mpaka sensa za mazabodi (ile bodi kuu) ambazo hazijaunganishwa na kitu, unakuta inasoma nyuzi 127 au namba hasi, mtu anapata presha bure wakati ingekuwa 127 kweli mashine isingekuwa inawaka.

Mashine ikiwa imetulia, 35 mpaka 50 ni kawaida. Kama chumba chako kina nyuzi 31 usitegemee kuona 30, feni inapoza kwa hewa ya humohumo chumbani kwahiyo haiwezi kushuka chini ya hewa yenyewe. Ikiwa kazini, 60 mpaka 80 lala usingizi, ikivuka 85 anza kufuatilia, na ikigusa 100 kwa hiyo i5-4590 hapo ndo ukutani, prosesa inaanza kujipunguza spidi ili isijiunguze, ndo ule uzito unaouona katikati ya gemu. Prosesa za AMD, zile Ryzen za 7000, zina hesabu zao, AMD wenyewe wamezitengeneza zikimbie mpaka nyuzi 95 zikibanwa kazi, kwahiyo ukiona 95 kwenye hizo usikimbilie kufungua kasha.

Sasa ipe kazi nzito. Cinebench R23 ina kipimo cha dakika 10, au washa tu gemu lako zito huku HWMonitor ikiwa wazi. Hapa usiangalie namba ya mwisho tu, angalia inavyopanda, hii sehemu watu wengi wanairuka wakati ndo yenye majibu:

Ikiruka toka 45 mpaka 90 na kitu ndani ya sekunde chache tu baada ya kazi kuanza, joto halivuki kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye hitisinki. Pesti imekufa, au hitisinki haijakaa sawa.

Ikipanda polepole, dakika kumi, robo saa, ndo inafika huko, basi joto linavuka vizuri ila hewa ndo tatizo. Vumbi, feni imechoka, au kasha linazungusha hewa ileile ya moto.

Unataka uhakika zaidi, zima mashine ikiwa bado ya moto, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu haraka na uguse pembeni ya hitisinki. Kama programu ilikuwa inasoma 95 na hitisinki ni ya vuguvugu tu, shida ni pesti au mkao. Kama hitisinki nayo inakaribia kukuunguza, shida ni hewa.

Na jambo jingine hapohapo, kama mashine inajizima ghafla wakati joto linasoma 60 tu, hiyo sio prosesa kuchemka, kaangalie pawa saplai na umeme wa nyumbani kwako, utabadilisha pesti mpaka uchoke.

Vumbi

Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza batani ya kuwashia sekunde kadhaa umeme uliobaki uishe. Toa mashine nje barazani maana kitakachotoka humo hutaki kiwe sebuleni. Piga picha waya zote kwa simu kabla hujachomoa chochote, simu haisahau.

Wengi wanapuliza juu ya feni, wanaona panga zimeng'aa, wanafunga. Vumbi lenyewe halikai kwenye panga bwana, linakaa chini ya feni, juu ya mapezi ya hitisinki, na bila kutoa feni huwezi kuliona. Ukiitoa unakuta blanketi la kijivu limejipanga vizuri, unalibandua kwa vidole linatoka zima, na nywele, utando wa buibui, saa nyingine na mende mkavu ndani yake. Hapo feni ilikuwa inasukuma hewa kwenye blanketi na hakuna kinachopita. Hiyo moja ukiitoa unaweza kuona nyuzi kumi au zaidi zimeondoka bila kununua kitu.

Tumia brashi mpya ya rangi, laini, na bloa kama fundi jirani anayo. Ukipuliza shikilia panga za feni kwa kidole zisizunguke, upepo wa bloa unaizungusha kuliko ilivyotengenezwa na unaiharibu beringi. Usipitishe mashine ya kufyonza vumbi karibu na mazabodi, inatengeneza umeme tuli. Na usipulize kwa mdomo, mate ni maji. Pawa saplai ipulize kwa nje tu kupitia matundu yake, usiifungue, ndani kuna kapasita zinazoshika chaji hata ikiwa imechomolewa.

Wakati uko humo zungusha feni kwa kidole. Inatakiwa iende laini na iendelee kidogo yenyewe. Ikikwaruza au ikisimama palepale, imekwisha, nunua nyingine, ila kwenye Dell nyingi za ofisi plagi ya feni sio ya kawaida kwahiyo nenda dukani na ya zamani mkononi. Ukiweka tofauti inaweza kuzunguka vizuri tu lakini kila ukiwasha mashine inakulalamikia kwamba feni haionekani.

Pesti

Hapa ndo pana uoga na wala hapana sababu. Kama ni Dell ya skrubu nne, legeza kwa msalaba, kidogo hapa kidogo pale, usimalize moja kabla ya nyingine. Kama ni feni ya Intel ile ya pini nne za plastiki, mshale ulio juu ya kila pini ndo upande wa kufungulia, zungusha alafu vuta juu. Kama ni Ryzen za soketi ya AM4 kuwa mpole sana, prosesa zile zina pini chini na pesti iliyokauka inashika kama gundi, ukivuta kwa nguvu inang'oka na prosesa yake pini zinapinda. Iwashe kwanza ipate moto dakika chache, zima, chomoa umeme, alafu izungushe hitisinki kulia kushoto mpaka ilegee ndo unyanyue.

Pesti ya zamani utaikuta ngumu, inapukutika kama chokaa ya ukutani. Ifute yote, juu ya prosesa na chini ya hitisinki, kwa kitambaa kisichoacha manyoya na isopropili ya asilimia 90 kwenda juu. Spiriti ya duka la dawa inaweza kufaa kama haina mafuta wala manukato, ikauke kabisa kabla hujaendelea. Petroli hapana. Mafuta ya taa hapana.

Weka tone katikati ya prosesa, ukubwa wa punje ya choroko inatosha kwa hizi prosesa za kawaida. Usipake kama siagi kwenye mkate mpaka inamwagika pembeni, kazi ya pesti ni kujaza vijishimo kati ya chuma na chuma, ikizidi inakuwa kizuizi. Hitisinki yenyewe ikikaa itaisambaza. Aina gani? Arctic MX-4 au Noctua NT-H1 ukizipata ni nzuri, ukikosa hata zile GD900 za bei chee zinafanya kazi kwa mashine ya nyumbani, bora mara mia kuliko iliyokauka. Na kuna wale wanaoshauri dawa ya meno. Inafanya kazi kweli, kwa muda mfupi, sababu ni ya majimaji, alafu inakauka na unarudi pabaya kuliko ulipotoka. Achana nayo.

Kufunga ndo kunakoharibu kazi ya wengi, hasa hizo pini za Intel. Zirudishe zote kinyume cha mshale kwanza, weka hitisinki, bonyeza mbili zinazotazamana kwa pembe mpaka zilie, alafu mbili zilizobaki. Kisha geuza au chungulia nyuma ya mazabodi kama panaonekana, pini nyeusi ziwe zimepenya katikati ya ile plastiki nyeupe, zote nne. Ikiwa tatu zimeshika na moja inaning'inia, hitisinki imeinama na joto litaruka hadi 90 hata kwa pesti ya dola mia. Rudisha plagi ya feni mahali pake pa mwanzo, washa, uhakikishe inazunguka, alafu rudia kipimo kilekile.

Hewa ya kasha na mahali ilipokaa

Kama kipimo kilikuonyesha joto la kupanda polepole na vumbi umeshatoa, fanya jaribio hili, endesha mashine ubavu ukiwa wazi. Joto likishuka nyuzi tano na zaidi, kasha linabana hewa. Hilo ni jaribio tu, sio maisha ya kuishi, kasha la wazi ni makazi ya mijusi na vidole vya watoto.

Angalia feni za kasha zinaelekea wapi. Hewa inaingilia upande ulio wazi wa feni na kutokea upande wenye vile viguzo vinavyoshikilia mota. Ya mbele iingize, ya nyuma itoe. Ukikuta zote mbili zinaingiza au zinapigana zenyewe kwa zenyewe, geuza moja. Ukipata wasiwasi shika kipande cha tishu karibu yake, kikinyonywa au kikisukumwa utajua.

Alafu mahali. Zile meza za kompyuta zenye kabati la kuwekea kasha na mlango wake, ondoa mlango au itoe humo. Acha nafasi ya kiganja kizima nyuma, isigusane na ukuta. Usiiweke juu ya zulia. Na kwa heshima zote mama, kitambaa cha kufuma kikae kwenye televisheni huko, sio kufunika matundu ya kasha. Panga boi la darini linasaidia kidogo sababu linachanganya hewa ya chumba, ila kama chumba kimefungwa madirisha linazungusha joto lilelile.

Ndani ya Windows

Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, Task Manager itafunguka, angalia nani anakula prosesa. Kama hufanyi kitu na inasoma asilimia 80, huo ni mzigo na hakuna pesti ya kuutibu. Inaweza kuwa Windows inajisasisha, subiri imalize. Ila kama una programu na magemu ya kuchakachua, kuna uwezekano umebeba virusi vya kuchimba sarafu za kidijitali, na baadhi yao ni wajanja, ukifungua tu Task Manager vinajinyamazia, ukifunga vinaendelea. Dalili yake ni feni kupiga kelele mashine ikiwa haina kazi na kutulia ghafla ukifungua Task Manager. Acha HWMonitor wazi bila Task Manager uone, kisha piga skani ya Windows Defender ile inayoitwa offline scan, inayofanyika kabla Windows haijawaka kabisa.

Kuna na njia ya dharura, Power Options, mipangilio ya ndani, Maximum processor state weka 99 badala ya 100. Kwenye Intel hiyo inazima tabo, yaani ule uwezo wa prosesa kujipandisha spidi, i5-4590 itabaki kwenye 3.3 GHz badala ya kupanda mpaka 3.7. Unapoteza spidi kidogo ambayo kwenye kazi za ofisi huitambui, joto linashuka vizuri tu. Mimi ningeitumia miezi ya joto kali, lakini sio badala ya kusafisha.

Kupoza kwa maji, kwa mashine ya nyumbani yenye prosesa ya wati 84, ni kutafuta pampu ya kuharibika. Ruka.

Kama umefanya yote na bado inagonga 95, angalia hitisinki yenyewe. Kuna watu wananunua mashine ya i3 au Pentium, wanachomoa wanaweka i7 ya soketi ileile, hitisinki wanaacha ya zamani. Feni za Intel za kizazi hicho zinafanana ukiziangalia juu, zigeuze: ile nyembamba iliyo alumini tupu ilikuja na prosesa ndogo, ile nene yenye duara la shaba katikati ndo ya prosesa kubwa. Kama yako haina shaba na juu yake umeweka i7, hapo sasa nenda dukani ukaulizie hiyo feni kubwa.