Mnunuzi Kakuandikia Kutoka Mbali? Mchunguze Hivi Kabla Hujapakia Mzigo

Hapa Malindi ofa za biashara siku hizi huingia kwa simu. Mtu anayekusanya korosho huko Ganda au Marafa anapokea ujumbe wa WhatsApp: kampuni fulani, makao yake Italia, tawi Nairobi, inataka tani kumi za korosho ghafi kwa bei nono. Chini yake kuna picha ya cheti chenye muhuri na picha za ghala lililojaa magunia. Kazi yangu ni kuwapekulia watu ofa za namna hii kabla hawajatoa mzigo wala pesa. Nitakuonyesha ninavyofanya, nikitumia ofa hiyo hiyo kama mfano. Unachohitaji ni simu au kompyuta yenye bando, akaunti ya eCitizen (tovuti ya huduma za serikali ya Kenya), na saa kadhaa za utulivu.

Kuna kanuni moja ninayoishika katika kila hatua: usianze na alichokutumia. Cheti, tovuti, picha, sifa za wateja, vyote vimetoka mkononi mwake. Anza na yaliyoandikwa na watu ambao hawapati chochote ukikubali wala ukikataa: msajili wa kampuni, watu wa kodi, mahakama, takwimu za forodha. Ya kwake uyasome mwisho, kwa kulinganisha.

Hatua ya 1: Ichunguze biashara kabla ya mtu

Wengi wanarukia jina la kampuni. Mimi nauliza kwanza kama kinachotakiwa kinaruhusiwa. Kenya ilipiga marufuku kusafirisha korosho ghafi nje ya nchi mwaka 2009, na sheria ya 2013 iliyounda Mamlaka ya Kilimo na Chakula (AFA) inazuia jambo hilo bila idhini ya maandishi. Sheria zote za Kenya zinasomwa bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Basi mnunuzi anayesema "nitumie ghafi, mambo ya vibali niachie mimi" tayari ana swali la kujibu: idhini hiyo iko wapi, na ina jina la nani?

Ukitafuta sheria kwenye Google, andika neno lako kisha site:kenyalaw.org. Utapata kurasa za tovuti hiyo peke yake, na utaepuka makala za watu wanaonukuu sheria kwa kusikia.

Hatua ya 2: Bei, na hapa usiwe na haraka

Hii ndiyo hatua ninayoipa muda mrefu kuliko zote, kwa sababu bei ndiyo inayomfumba mtu macho.

Fungua Trade Map, tovuti ya takwimu za biashara ya Kituo cha Biashara cha Kimataifa (ITC). Jisajili kwa barua pepe. Kila bidhaa inayovuka mpaka ina namba yake ya forodha: korosho yenye ganda, yaani ghafi, ni 080131, iliyobanguliwa ni 080132. Weka namba, chagua nchi, kisha angalia safu mbili, ya thamani na ya tani. Gawanya thamani kwa tani, na utapata bei ya wastani. Kwa mfano tu wa hesabu, dola milioni 3 kwa tani 2,000 ni dola 1,500 kwa tani. Kuwa mwangalifu, maana jedwali huandika thamani kwa maelfu ya dola. 3,000 ya hapo ni milioni tatu.

Sasa geuza swali: nani hununua korosho yenye ganda? Utaona sehemu kubwa mno inaelekea Vietnam na India, kwa sababu viwanda vya kubangua viko huko. Kampuni ya Italia inayotaka yenye ganda si jambo lisilowezekana, lakini ieleze inaipeleka kiwanda gani. Mnunuzi wa kweli hujibu swali hilo bila kukasirika.

Halafu tafuta kwa Kiswahili. Watu wetu wamezoea kutafuta mambo ya biashara kwa Kiingereza pekee, wakati jirani yetu Tanzania huuza korosho ghafi kwa mnada kupitia mfumo wa stakabadhi ghalani, na bei za minada ya Mtwara na Lindi huripotiwa kila msimu kwa Kiswahili. Andika "mnada wa korosho" Mtwara pamoja na mwaka, usiache alama za kunukuu. Bei itakuja kwa shilingi za Tanzania kwa kilo. Badilisha, kisha linganisha na ya mnunuzi wako. Kwa mazao ya soko la ndani, kama embe, simsim au nazi, ingia KAMIS, mfumo wa Wizara ya Kilimo wenye bei za masoko kaunti kwa kaunti. Angalia tarehe ya kila bei, maana masoko mengine hayaingizi takwimu kila mara.

Kama ofa inapita bei hizo kwa mbali, usifurahi bado. Muulize sababu, na jibu lake uliandike mahali.

Hatua ya 3: Msajili wa kampuni

Mnunuzi amesema ana tawi Nairobi. Ingia eCitizen, nenda huduma za usajili wa biashara (BRS), uombe CR12 ya kampuni hiyo. Utalipa ada kwa M-Pesa, kisha utapata hati inayotaja tarehe ya usajili, anwani, wakurugenzi, wenye hisa na idadi ya hisa zao, na kama mali ya kampuni imewekwa rehani.

Isome polepole. Tarehe kwanza: kampuni inayojisifu kwa miaka ishirini ya kazi imesajiliwa lini? Namba nyingi za zamani, zile za CPR, hubeba mwaka ndani yake. Za mfumo wa sasa huanza na PVT. Kisha majina: huyo anayekuandikia yumo? Kama hayumo, ni mfanyakazi, na mfanyakazi lazima awe na barua ya kumruhusu kufunga mkataba.

Ukiambiwa hakuna CR12 kwa sababu namba yao inaanza na BN, hilo ni jina la biashara tu. Nyuma yake yuko mtu mmoja au washirika, na wao wenyewe ndio watakaodaiwa. Si kasoro, biashara nyingi nzuri za Malindi ziko hivyo. Ila kama amekwambia ni kampuni, basi hakusema kweli.

Kuwemo kwenye daftari la msajili hakumfanyi mtu kuwa mwaminifu. Kunakuonyesha tu utamshika nani mambo yakiharibika.

Hatua ya 4: PIN ya KRA

Hii ni ya dakika chache. Kwenye iTax, tovuti ya mamlaka ya kodi ya Kenya (KRA), kuna kikaguzi cha PIN, yaani namba ya mlipakodi, na huhitaji kuingia na nywila. PIN ya kampuni huanza na herufi P, ya mtu binafsi huanza na A. Ankara ya "kampuni" yenye PIN ya A imejieleza yenyewe. Angalia kama iko hai na kama jina linalingana na la CR12.

Hatua ya 5: Upande wa Italia

Sheria ya Italia inataka kampuni iweke kwenye tovuti yake namba ya kodi iitwayo partita IVA, yenye tarakimu 11. Iombe kama huioni. Ukiipata, iingize kwenye ukurasa wa ukaguzi wa Agenzia delle Entrate, mamlaka ya kodi ya huko, ni bure. Jina la kampuni litafute pia kwenye registroimprese.it, ambako taarifa za msingi hazilipiwi na ripoti kamili hulipiwa. Kisha liandike jina ndani ya alama za kunukuu pamoja na neno truffa, yaani utapeli. Malindi hatukosi mtu wa kutusomea Kiitaliano. Mwombe jirani anayefanya kazi na Wataliano akusomee ukurasa mzima, usitegemee tafsiri ya mashine kwa maneno ya mkataba.

Mnunuzi akiwa Muingereza kazi ni nyepesi zaidi, kwani Companies House, msajili wa kampuni wa huko, huonyesha wakurugenzi na hesabu za kampuni bure. Lakini hadi sheria ilipobadilika mwaka 2024, msajili huyo alikuwa anapokea taarifa bila uwezo mkubwa wa kuzihoji, kwa hiyo kampuni ya zamani kidogo usiiamini kwa kuwa imo tu.

Hatua ya 6: Mahakama na Gazeti Rasmi

Rudi Kenya Law. Weka jina kwenye kisanduku cha kutafuta kesi, mara moja na "Limited", mara nyingine na "Ltd". Kushtakiwa peke yake hakuharibu jina. Kampuni kubwa hushtakiwa kila siku. Ninachotafuta ni mwenendo: wauzaji wadogo wanaodai malipo ya mzigo, kesi baada ya kesi, na hoja ile ile ya utetezi. Soma hukumu yenyewe, kwa sababu kichwa chake hakikwambii nani alikuwa na haki. Hapo hapo tafuta Gazeti Rasmi la Serikali, ambako hutangazwa kampuni zinazofutwa na zinazofilisiwa.

Hatua ya 7: Sasa soma ya kwake

Tovuti yake ipitishe kwenye huduma ya whois uone jina la kikoa (anwani ya tovuti) lilisajiliwa lini. Yanayoishia na .ke yapo kwa KeNIC, msajili wa vikoa vya Kenya. Kumbuka .go.ke ni ya serikali, lakini .co.ke inaweza kununuliwa na yeyote. Kwenye Wayback Machine utaona tovuti ilivyokuwa miaka iliyopita, au kama haikuwepo. Picha za ghala zipitishe Google Lens: picha ikitokea kwenye tovuti ya mtu mwingine, katika nchi nyingine, huna haja ya kuendelea.

Hatua ya 8: Tarehe ya kila habari

Hili nawasisitizia sana ndugu zetu wa Lamu. Mradi wa LAPSSET, ule wa bandari ya Lamu na njia za usafiri zinazotoka hapo, ulizinduliwa Machi 2012, na gati la kwanza la bandari likafunguliwa Mei 2021. Kati ya hapo ziliandikwa habari chungu nzima, nyingi bado ziko mtandaoni, na madalali wa viwanja huzituma kama za jana. Makala zinazosifia kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichopangwa kujengwa Lamu bado zinasomeka, ilhali leseni yake ya mazingira ilifutwa na mahakama maalumu ya mazingira tarehe 26 Juni 2019. Mtu akikutumia habari ya kukushawishi ununue, itafute tena ukiongeza after:2023 mwishoni, uone kilichofuata.

Hatua ya 9: Jina la akaunti

Ukiambiwa ulipe "ada ya usajili wa muuzaji" ili uuziwe nafasi ya kuuza mzigo wako mwenyewe, acha hapo hapo. Na hata pesa zikiwa zinakuja kwako au amana inatoka kwako, jina la akaunti liwe ni lile lile la CR12, herufi kwa herufi, lisiwe la "mhasibu wetu".

Yote uliyoyaona yapige picha ya skrini pamoja na tarehe, uyaweke kwenye folda moja yenye jina la kampuni. Mazungumzo yakivuta miezi mitatu kabla ya mzigo kutoka, lipia CR12 nyingine, kwa sababu hisa huuzwa na wakurugenzi hujiuzulu, na aliyekuwa mkurugenzi ulipoanza huenda hayumo siku ya kutia saini.