Sampuli za bakteria wa utumbo wa panya, kipande kwa kipande

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia mwanafunzi mmoja wa uzamili aliyekuwa akitega panya wadogo wa nyumbani kwenye maghala ya makopa huko Newala na Tandahimba. Alikuja maabara na tyubu za kinyesi tu, akitaka kujua bakteria waliomo tumboni mwa panya. Kinyesi kinakupa habari za utumbo mpana. Utumbo mwembamba ni nchi nyingine: oksijeni bado ipo kidogo, nyongo inamwagika humo, na chakula kinapita haraka hata bakteria wengi hawawahi kuzaliana. Ukifika kwenye sikamu, ule mfuko mkubwa ulio kati ya utumbo mwembamba na utumbo mpana, mabaki ya mimea yanakaa yakichacha, oksijeni karibu imekwisha, na gramu moja inaweza kubeba bakteria zaidi ya bilioni 10.

Hatua ya 1: Kutega

Tumia mtego unaomnasa panya akiwa hai, na uukague kabla jua halijachomoza. Vijana wanaotega samaki nchanga, jina la huku la panya wa kuliwa, wanazijua njia za panya kuliko mtafiti yeyote, waombe wakuonyeshe. Panya aliyekutwa amekufa mwache, kwa joto la huku bakteria wake wameshabadilika. Andika kila panya ametoka nyumba gani. Panya hula kinyesi chao na cha wenzao, hivyo wanaoishi pamoja hufanana bakteria. Ukichukua kumi kutoka ghala moja, hesabu kwamba una ghala moja.

Hatua ya 2: Kuua na kupasua

Fuata kibali chako cha maadili. Vaa glavu na barakoa, na fanya kazi saa ileile kila siku, kwa sababu bakteria wa utumbo hupanda na kushuka kufuatana na saa za kula.

Hatua ya 3: Funga kabla ya kukata

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika bila mtu kujua. Utumbo huendelea kujikaza kwa muda baada ya panya kufa, na ukiuinua kwa ncha moja majimaji yanatiririka kwenda upande wa pili. Tone moja la sikamu likiingia kwenye ileamu, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, basi ileamu imepotea, maana bakteria wa sikamu ni wengi mno kuliko wenyeji wa pale. Hakuna programu ya kompyuta itakayowatenganisha baadaye.

Kwa hiyo, panya akiwa bado amelala chali na utumbo haujaguswa, funga kwa uzi sehemu hizi: umio, mahali tumbo linapoishia, mwisho wa ileamu, na mahali sikamu inapoungana na utumbo mpana. Kila sehemu weka mafundo mawili, kisha kata katikati yake. Ukifunga fundo moja, upande mmoja utabaki wazi.

Natumia uzi wa hariri wa kushonea vidonda. Ukikosekana, uzi wa cherehani uliochemshwa unatosha. Vibano vya chuma sivitaki: vinateleza, na vikibana sana vinapasua ukuta wa utumbo.

Baada ya hapo ondoa polepole ule utando unaoshikilia utumbo, usivute. Nyoosha utumbo mwembamba juu ya karatasi ya alumini iliyofutwa kwa spiriti. Mpaka kati ya duodenamu, jejunamu na ileamu, yaani sehemu ya kwanza, ya kati na ya mwisho ya utumbo mwembamba, hauonekani kwa macho, na watu hukadiria, kila mtu kivyake. Pima kwa rula. Utumbo mwembamba wa panya mdogo una kama sentimita 35. Ugawe mara tatu, chukua katikati ya kila fungu, na uandike sentimita ngapi kutoka tumboni. Kwenye fungu la tatu ongeza kipande karibu na mwisho, ila acha sentimita moja ya mwisho inayogusa sikamu. Usisuuze kwa maji.

Anza na utumbo mwembamba, kisha tumbo, sikamu uiache mwishoni pamoja na utumbo mpana na kinyesi. Kila kipande kiwe na wembe wake mpya.

Hatua ya 4: Yaliyomo na ukuta

Kamua yaliyomo kwenye tyubu moja, kwangua ukuta kwenye tyubu nyingine. Wapo bakteria walioshikamana na ukuta wa mwisho wa ileamu, wenye umbo la nyuzi, ambao kwenye yaliyomo unaweza kuwakosa. Ni hao walioonyeshwa Marekani mwaka 2009 kwamba huamsha aina fulani ya chembe za kinga za panya. Panya wa maabara waliofugwa na kampuni ya Taconic walikuwa nao, wa taasisi ya Jackson hawakuwa nao.

Hatua ya 5: Kuhifadhi

Ethanoli ya asilimia 95. Friji ya nyuzi hasi 80 ni nzuri pale umeme usipokatika. Spiriti ya dukani ya asilimia 70 haihifadhi vizuri. Barafu ya wauza samaki itakufikisha maabara tu.

Hatua ya 6: Vinasaba

Ili kutoa vinasaba vya kuwatambulisha bakteria, pondaponda sampuli kwa shanga ndogo ngumu, la sivyo bakteria wenye ukuta mgumu watabaki wazima na hutawaona. Pitisha pia tyubu tupu isiyo na sampuli katika kila hatua. Duodenamu ina bakteria wachache kiasi kwamba uchafu wa kemikali zenyewe unaweza kujitokeza kama matokeo.

Hatua ya 7: Kusoma matokeo

Natumia QIIME 2, programu ya kompyuta ya kuchambua vinasaba vya bakteria. Ondoa kwanza vinasaba vya kloroplasti (chembe za kijani za mimea) na mitokondria (vijisehemu vya seli vinavyotoa nishati): panya aliyekula majani au pumba ataleta kloroplasti tele kutoka tumboni na utumbo mwembamba, nazo husomeka kama bakteria. Asilimia pekee hazitoshi, pima pia jumla ya bakteria kwa PCR ya kuhesabu, kipimo kinachoonyesha wingi wa vinasaba vyao.

Kwa panya wa maabara, tumbo na utumbo mwembamba huwa na Lactobacillus wengi, ilhali sikamu na utumbo mpana hutawaliwa na Muribaculaceae na Lachnospiraceae. Ileamu yako ikitoka sawasawa na sikamu, kagua kwanza daftari lako uone mafundo yalifungwa wapi, na ulinganishe na panya wengine wa siku ileile kabla hujaandika kitu.