Kabla Hujatoa Advansi: Kuwapata Watu wa Shughuli wa Kuaminika Tanga

Kamati ya harusi ikishakaa na mweka hazina akaanza kupokea michango, kila mtu ana mtu wake. Huyu binamu yake ana maturubai Makorora, yule shangazi yake anapamba hadi Muheza, mwingine kaona mapambo Instagram na anataka hayohayo. Wote watakwambia bei ni nzuri. Bei iache kwanza. Uliza hivi: siku ya shughuli, nani hasa atakuja kufanya kazi, na vifaa ni vya nani?

Nasema hivyo kwa sababu wengi unaopatana nao wana udalali ndani ya kazi yao. Anachukua kazi ya ukumbi mzima, kisha viti anakodi Ngamiani, muziki kwa mwingine, maua kwa wa tatu. Si dhambi, kazi nyingi mjini zinakwenda hivyo na zinakwenda vizuri. Shida ni pale yule wa tatu hajalipwa, akaja kubeba maua yake wageni wakiwa mlangoni. Kwa hiyo omba kwenda kuona stoo. Mwenye mali atakupeleka, hata kama kwa kununa. Asiye na mali atakuwa na safari kila siku. Ukifika, usiridhike na kiti cha juu ya rundo. Vuta cha katikati, ukikalie. Kunjua kitambaa kimoja cha kiti ukitazame upande wa ndani: kwa unyevu wa hewa yetu, kitambaa kilichokunjwa bila kukauka vizuri kinaota vidoadoa vya ukungu, na taa za ukumbi hazivifichi.

Baada ya hapo, tarehe. Pwani hii harusi hujazana Shaabani, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, na tena Mfunguo Mosi baada ya Idi. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko huu wa Januari hadi Desemba kwa siku 11 hivi, ndiyo maana msimu huo unasogea. 2026 Mfunguo Mosi umeangukia Machi na Aprili, masika yakiwa mlangoni. Hapo mambo mawili yanakukuta pamoja. Kwanza, mtu mmoja ana shughuli tatu Jumamosi moja. Mwambie akutajie ana kazi ngapi siku yako, na kama utampata yeye au kijana wake. Pili, mvua. Turubai la kuzuia jua na la kuzuia mvua si kitu kimoja, na mwenye nalo anajua tofauti, ila asipoulizwa hasemi. Na kama shughuli ni Raskazone karibu na maji, katikati ya mwaka kusi linavuma: uliza kamba, vigingi vya kukita ardhini, na nani atakaa kulilinda turubai usiku kucha.

Mpishi ndiye wa kumchunguza kuliko wote, kwa sababu pambo baya watu watalisema wiki mbili, pilau bovu litawalaza hospitali. Usimwonje nyumbani kwake kwenye sufuria ya watu sita. Nenda shughuli anayopikia, simama jikoni, uone anavyosimamia watu wake na maji ya kunawa yako wapi. Kisha mpe hesabu ndogo: kilo moja ya mchele kwake inalisha watu wangapi? Akisema wanane, ni gramu 125 za mchele mkavu kwa mtu, sahani inayoeleweka. Akisema kumi na tano, ni chini ya gramu 70, na wa mwisho kwenye foleni watakula hadithi. Muulize pia pilau litaepuliwa saa ngapi na litaliwa saa ngapi. Kuna vijidudu vya kwenye mchele ambavyo mbegu zake haziuawi na kuchemka. Chakula kikikaa vuguvugu kwa saa nyingi vinazaliana na kutoa sumu, na kupasha moto upya hakuiondoi. Mpishi anayepika saa tisa usiku kwa chakula cha mchana lazima awe na jibu la namna ya kukiweka moto.

Mpambaji wa bibi harusi naye ana lake: piko, ile michoro myeusi ya mikononi na miguuni. Hina yenyewe, ya majani, haina rangi nyeusi tii. Weusi ule unatokana na rangi ya nywele, yenye kemikali iitwayo PPD, na kuna ngozi zinazoikataa vibaya: malengelenge, uvimbe, makovu. Mwambie apake nukta ndogo kwenye kiwiko kwa ndani siku kadhaa kabla, msubiri angalau saa 48. Anayekwambia "mimi sijawahi kuunguza mtu" na hataki kujaribu, mshukuruni, tafuteni mwingine. Kwa watoto wanaoshika maua, hina ya kawaida inatosha kabisa.

Ukumbi, kwa kifupi: jenereta liwashwe mbele yako, na muafikiane mafuta ni ya nani. Mshereheshaji msikilize akiwa kazini, maana wengine mzaha wao haufai mbele ya wakwe. Wa gari na wa keki, wakupe namba ya simu ya dereva halisi.

Picha zina jambo ambalo kamati za wanaume hulisahau. Shughuli ya wanawake, siku ya hina au ya singo (kumsugua bibi harusi mwili), inataka mpiga picha mwanamke na msaidizi mwanamke. Msaidizi hasa, huyo ndiye hubadilika dakika ya mwisho. Andikeni kwamba picha haziendi kwenye ukurasa wake wala status bila ruhusa ya bibi harusi. Na ukitaka kumpima, usitazame picha kumi bora alizochagua. Mwombe akuonyeshe harusi moja nzima, mwanzo hadi mwisho, ile ya usiku wenye taa mbaya.

Sasa fedha. Mkataba si lazima wa wakili. Karatasi yenye majina kamili, tarehe, saa ya kufika, idadi ya vitu, bei, na nini kitafanyika mmoja akighairi, ikisainiwa na mashahidi wawili wa kamati, inasaidia kuliko maneno matupu. Unapotuma pesa kwa simu, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Likiwa la mtu mwingine, simamisha, upige simu. Advansi ya theluthi au nusu ni ya kawaida. Anayetaka yote miezi miwili kabla, huenda anamalizia shughuli ya mwenzio kwa fedha yako. Hilo si tusi, ni swali la kumuuliza kwa upole.

Salio lisikae kwa bwana harusi, siku hiyo hatakuwa na akili ya kuhesabu. Mweka hazina alishike katika bahasha zenye majina, kila mmoja alipwe kazi ikikamilika. Ya mpiga picha bakizeni sehemu hadi video na picha zifike mkononi, na hilo aambiwe siku ya kupatana, si siku ya kulipwa.