Kuweka mipaka ya kodi kabla ya kuanza kutafuta nyumba Arusha

Ukimpigia dalali wa Arusha simu kumweleza kwamba unatafuta nyumba ya kupanga, swali lake la kwanza, pengine kabla salamu hazijaisha, litakuwa ni bajeti yako. Wengi wetu hujibu kwa namba iliyotujia kichwani wakati huohuo, na mara nyingi namba hiyo ni kodi anayolipa rafiki au mfanyakazi mwenzetu. Dalali huichukua namba hiyo kuwa mahali pa kuanzia, si pa kuishia, na nyumba zote atakazokuonyesha zitakuwa sawa nayo au juu yake. Kwa sababu hiyo ninashauri kwamba mipaka miwili, wa chini na wa juu, iandikwe kwenye daftari nyumbani kabla hujapiga simu yoyote.

Mpaka wa juu huanzia kwenye kipato, na hapa Arusha kipato kina tabia yake. Familia nyingi za mji huu zinaishi kwa utalii, iwe ni dereva wa safari, mpishi wa kambi, mhudumu wa hoteli au muuza vinyago, na fedha inayoingia Julai na Agosti si ile inayoingia Aprili wakati wa masika, ambapo baadhi ya kambi hufungwa kabisa. Mwenye nyumba hataki kujua tofauti hiyo. Kwa hiyo andika ulichopata kila mwezi kwa miezi 12 iliyopita, chagua mitatu iliyokuwa mibaya zaidi, tafuta wastani wake, kisha ufanye hesabu kwa wastani huo peke yake.

Tuchukue mfano wa familia ambayo katika miezi mibaya hupata shilingi 700,000 kwa mwezi. Chakula, ada, nauli, kikoba na fedha ya kuwatumia wazazi vikichukua 430,000, zinabaki 270,000. Hizo 270,000 bado si kodi, kwa kuwa ndani yake zimo LUKU, maji, taka na mlinzi wa mtaa. Tukikadiria hayo yote kuwa 60,000, kodi ambayo familia hii inaweza kuilipa bila kukopa ni 210,000.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu kodi hailipwi kwa mwezi. Wenye nyumba wengi wanataka miezi sita kwa mkupuo, na dalali naye anataka kodi ya mwezi mmoja, kwa hiyo siku ya kusaini mkataba unalipa miezi saba. Hesabu ya pili basi ni ya akiba: chukua fedha uliyonayo mkononi, ondoa gharama ya kuhamisha vyombo na marekebisho madogo kama vitasa na mapazia, kisha gawanya kwa saba. Familia yetu ikiwa na akiba ya 1,300,000 na ikitenga 100,000 za kuhama, inabaki na 1,200,000, ambazo zikigawanywa kwa saba zinatoa takriban 170,000. Mwenye nyumba akidai mwaka mzima, mgawanyo ni kwa 13, na kodi inashuka hadi 92,000 na ushee. Akikubali miezi mitatu, gawanya kwa nne nawe utapata 300,000, lakini usifurahi, kwa kuwa hesabu ya kwanza ilishasema 210,000. Kati ya hesabu hizo mbili, iliyo ndogo ndiyo mpaka wako wa juu. Ninasisitiza jambo hili kwa uzito kwa sababu nimeshuhudia watu wakiingia nyumba nzuri kwa mkopo, na miezi sita ya pili ikawakuta bado wanalipa deni la ile ya kwanza.

Mpaka wa chini unahitaji fikra zaidi kuliko hesabu. Andika mambo ambayo huwezi kuishi bila kuwa nayo: kwa wengine ni choo cha ndani, kwa wengine ni mita ya LUKU ya peke yao, kwa kuwa mita ya kushea huleta ugomvi kila umeme unapokatika usiku na kila mpangaji akadai yeye ndiye aliyenunua mara ya mwisho. Kisha uliza watu wanaokaa mtaa unaoutaka, hasa mama mwenye genge au duka, ni kodi gani ya chini kwa nyumba yenye vitu hivyo. Ukiletewa nyumba iliyo chini sana ya hapo, kuna gharama iliyojificha mahali fulani, nawe una wajibu wa kuitafuta.

Gharama hizo ninazifahamu kwa kuzilipa. Niliwahi kuchukua nyumba upande wa Moshono, mwezi wa Januari, njia ikiwa kavu na bajaji inafika hadi getini, na kodi yake ilikuwa nafuu kuliko zote nilizokuwa nimeziona. Masika yalipoanza, ule mteremko ukageuka tope la kunata, bajaji zikawa zinaniacha barabarani, na bodaboda waliokubali kushuka walidai bei mara mbili. Asubuhi nilikuwa natembea nimebeba viatu vya kazini ndani ya mfuko wa plastiki. Unafuu wote wa kodi uliishia kwenye nauli. Hata bila tope, mtu anayehama kutoka Kijenge kwenda Muriet au Ngaramtoni, ikiwa nauli itaongezeka kwa 600 kila safari, atatumia 1,200 kwa siku, sawa na 31,200 kwa siku 26 za kazi. Ongeza kiasi hicho kwenye kodi ya nyumba ya mbali kabla ya kuilinganisha na ya karibu.

Maji nayo yaulizwe kwa makini. Chemchemi na visima vingi vinavyozunguka Mlima Meru vina floridi nyingi, ile inayoacha meno ya watoto na rangi ya kahawia, na kuchemsha hakuiondoi. Ikiwa nyumba inategemea kisima, weka kwenye hesabu maji ya kunywa ya kununua. Kodi ya majengo ni ndogo, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, lakini hukatwa kupitia LUKU, kwa hiyo anayeitoa ni wewe unayenunua umeme ilhali deni ni la mwenye nyumba. Omba mkataba useme kwamba fedha hiyo itapunguzwa kwenye kodi ya pango unayomlipa.

Mipaka ikishapatikana, tuseme 130,000 hadi 170,000, ijaribu sokoni kwa kuangalia walau nyumba tano katika mitaa miwili tofauti. Ukikuta hakuna hata moja inayokufaa, usipandishe mpaka wa juu. Badilisha mtaa, au punguza chumba, au subiri miezi miwili uongeze akiba. Kwa dalali, taja 150,000, kwa sababu atakuja na ya 170,000 na maneno haya: "Dada yangu, ongeza ishirini tu, nyumba kama hii haifiki kesho." Utakuwa na hizo ishirini. Akija na ya 200,000, mshukuru, mwambie haiwezekani, na umwombe akutafutie nyingine. Na unapokutana na mwenye nyumba ana kwa ana, anza kwa kuomba miezi mitatu kabla ya kuomba kupunguziwa kodi, kwa kuwa wengi wao wako tayari kujadili muda kuliko bei, na kila mwezi unaopungua kwenye malipo ya kwanza unabaki kwenye akiba yako.