Waja leo, waondoka leo: namna ya kuupanga usajili wa Coastal Union

Dirisha la usajili likikaribia, wanywa kahawa wa mbele ya nyumba yetu hapa Ngamiani kila mmoja huwa na straika wake. Huyu kamwona kwenye klipu ya simu, yule kaambiwa na shemeji yake aliyeko Mwanza. Mimi nawasikiliza kupitia dirishani huku nikifungua kaunta buku yangu. Nilitunza stoo ya kiwanda cha kamba za mkonge mpaka nikastaafu, na Coastal, klabu yetu ya soka ya hapa Tanga, nimeishangilia tangu kabla ya ubingwa wa ligi wa 1988. Wajukuu wameniomba niandike ninavyopanga kikosi changu cha Wagosi wa Kaya, ndilo jina letu la utani. Haya, shikeni kalamu.

Anza na watakaoondoka

Watu wengi huanza na nani aje. Wewe anza na nani anaondoka. Tanga ni mji wa waja leo waondoka leo, na timu yetu ni hivyo hivyo. Bakari Mwamnyeto alikuwa nahodha wetu, mwaka 2020 akaenda Yanga. Abdul Suleiman "Sopu" alifunga mabao matatu peke yake kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini ya 2022 pale Arusha, tukatoka 3-3 na Yanga, wakatushinda kwa penalti. Msimu mpya ulipoanza Sopu alikuwa mchezaji wa Azam. Wala simlaumu mtu. Kijana akifunga matatu dhidi ya Yanga kwenye fainali, hata mama yake mzazi hamshauri akatae.

Kwa hiyo tenga ukurasa mmoja kwa kila nafasi uwanjani. Piga mistari: jina, umri, mkataba unaisha lini, dakika alizocheza msimu uliopita. Mstari wa mwisho ndio wenye kazi: huyu akiondoka kesho, nani anaingia? Ukikuta ukurasa ambao mstari huo ni mtupu, hapo ndipo pa kusajili, hata kama nafasi hiyo leo ina nyota. Stoo tulikuwa na kiwango: mafuta ya mashine yakibaki mapipa matatu, unaagiza. Hungoji pipa la mwisho lilie, maana gari la kutoka Dar lina siku zake.

Tarehe za mikataba hazina siri kubwa. Klabu ikimtambulisha mchezaji husema amesaini miaka miwili au mitatu. Andika siku ile ile. Faida yake utaiona Januari. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji aliyebakiwa na miezi sita au pungufu kwenye mkataba kusaini na klabu nyingine bila kuilipa klabu yake hata senti. Mkataba unaoisha Juni, kwa hiyo, umekwisha Desemba kwa maana ya biashara. Ukiona jina kubwa lenye Juni pembeni yake na Desemba imefika, chagua moja: aongezwe mkataba sasa, au auzwe dirisha dogo, lile la katikati ya msimu. La tatu ni kumpigia makofi akipanda basi.

Na akiuzwa, tusiangalie dau la leo tu. Omba mkataba wa mauzo uandikwe asilimia ya mauzo yajayo, ili akitoka kwa aliyemnunua kwenda Misri au Morocco na sisi tupate chetu. Kuna na fungu la mshikamano la FIFA: mchezaji akihama kwa ada kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya ada hiyo inagawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Lakini mgawo huo unafuata kumbukumbu za usajili. Kijana aliyechezea timu yetu ya vijana bila kusajiliwa, kwenye hesabu hiyo hakuwahi kuwa wetu.

Pesa ikiwa ndogo, ianzie nyuma

Hapa ndipo ninapogombana na wanywa kahawa. Wao wanataka mabao. Mimi nasema kipa kwanza, halafu mabeki wa kati wawili, halafu kiungo mkabaji. Straika ni wa mwisho.

Tazameni msimu wa 2023/24. Mbio za kiatu cha dhahabu, cha mfungaji bora, zilikuwa za Aziz Ki wa Yanga na Feisal Salum wa Azam. Sisi hatukuwa na mtu humo. Ila tulikuwa na Ley Matampi golini, kipa bora wa ligi mwaka ule, mechi 15 bila kuruhusu bao. Tukamaliza wa nne, tukapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Straika mzuri bei yake inapangwa na Simba, Yanga na Azam. Kipa mzuri bado unaweza kumpata kabla hawajamwona, kwa sababu kila timu kubwa inahitaji mmoja tu wa kucheza.

Lakini daftari halidanganyi upande wa pili pia. Agosti 2024, kwenye kombe hilo la Afrika, tulifungwa 3-0 na Bravos do Maquis kule Angola, mechi ya marudiano ikaisha 0-0. Ukuta uliotupeleka nafasi ya nne hauwezi kurudisha mabao matatu. Basi ukishapata mgongo wa timu, pesa inayofuata iende kwa watu wawili wa mbele wenye mbio, si mmoja mwenye jina.

Hesabu dakika, usihesabu klipu

Ligi Kuu ina timu 16, kila timu inacheza mechi 30, yaani dakika 2,700. Ukiletewa jina, uliza swali moja: msimu uliopita kacheza dakika ngapi? Aliyezidi 1,800 mwili wake unajulikana. Aliye chini ya 900 ana sababu, na sababu lazima uijue: majeraha, nidhamu, au alikaa nyuma ya mtu bora kuliko yeye? Huyu wa mwisho ndiye dili. Benchi za timu kubwa zimejaa vijana wazawa wa aina hiyo, na njia yao ni mkopo.

Mkopo nao una masharti yake. Mara nyingi huyo kijana haruhusiwi kucheza dhidi ya klabu iliyomtoa, kwa hiyo hesabu mapema mechi utakazomkosa. Ukurasa wa nafasi moja usiwe na wa mkopo wawili. Na dai haki ya kumnunua kwa bei iliyoandikwa, la sivyo unamlea mtoto wa jirani na chakula ni chako.

Kuhusu mapro wa kigeni, mjukuu wangu wa Makorora aliniambia, "Bibi, nafasi za wageni zipo, tuzijaze." Nikamwambia, "Mwanangu, kanuni inaruhusu, haikulazimishi." Mgeni aje akiwa bora wazi kuliko mzawa wa nafasi hiyo, kama alivyokuwa Matampi. Akiwa sawasawa na mzawa, chukua mzawa.

Kwenda kuwatazama mwenyewe

Vipaji haviishi kwenye simu. Nenda viwanja vya Tangamano jioni, nenda UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ngazi ya mkoa, nenda Muheza na Pangani kwenye ndondo, mechi za mtaani. Na msinune: nenda uwanja wa Mkwakwani hata siku ya African Sports, watani wetu wa hapa Tanga. Utani ni utani, lakini mchezaji unayeweza kumwangalia kwa nauli ya bajaji usimwache kwa sababu ya rangi ya jezi.

Ukifika, kwa muda chagua mtu mmoja na usahau mpira. Winga akipokonywa, anarudi mbio au anashika kiuno? Hilo linakwambia zaidi ya chenga zake tano. Beki wa kati mtazame dakika tano baada ya kufanya kosa: kuna anayeanza kubutua kila mpira kwa woga, na kuna anayeuomba tena. Kipa simama nyuma ya goli lake, umsikilize mdomo. Kona ikipigwa upepo ukivuma kutoka baharini, kipa mzuri utamsikia anapanga watu kabla mpigaji hajapiga hatua. Asiyesema kitu anangoja bahati. Kama mechi ni saa 10 jioni kwenye joto la Januari, usiondoke kabla ya dakika ya 70. Hapo ndipo utakapojua nani ana pumzi na nani alikuwa na manukato.

Kila uliyempenda mwangalie tena ugenini, ikiwezekana uwanja mbovu, na ikiwezekana atazamwe pia na mtu mwingine asiyejua umeandika nini.

Kutema wachezaji siandiki mengi. Watatu au wanne kila mwaka wanatosha. Ukitema kumi umejenga timu mpya, na timu mpya huhitaji miezi mitatu kujuana, na miezi mitatu ni karibu theluthi ya ligi. Mkongwe mmoja abaki chumba cha kubadilishia nguo, hata kama dakika zake zimepungua.

Daftari liwe limekamilika mwisho wa Novemba kwa ajili ya dirisha dogo, na mwisho wa Mei kwa ajili ya dirisha kubwa. Nakili kurasa zenye mstari mtupu tu, zisizidi mbili, umpe katibu wa tawi la mashabiki mkononi kabla ya mkutano. Mzee mwenyekiti akikupa nafasi ya kusema, taja nafasi, umri unaoutaka na dakika. Majina mawili kwa kila nafasi, wa pili awe wa bei nafuu, kwa sababu wa kwanza kuna uwezekano mkubwa Singida au Azam wameshampigia simu.