Jinsi ya kuvuta kampuni na wataalamu kwenye mkoa wenu

Mikoa mingi huanza na kongamano la uwekezaji na kijitabu chenye picha nzuri. Hayo yaje mwisho. Mwekezaji anayeijua kazi yake huwa na orodha ndefu ya maeneo, na kazi yake ya kwanza ni kuipunguza mpaka yabaki mawili matatu. Sababu za kuliondoa eneo karibu zote ni za kawaida: kiwanja chenye mgogoro, umeme usiotosha, fundi asiyepatikana, barua isiyojibiwa.

Anzeni na waliopo. Kabla ya kumwandikia mgeni yeyote, tembeleeni kampuni 30 hivi za mkoa wenu, kubwa kwa ndogo. Msiende na hotuba, nendeni na maswali. Mnanunua nini kutoka mbali ambacho mngependa kipatikane hapa? Nafasi gani ya kazi imekaa wazi zaidi ya miezi mitatu? Umeme ukikatika, mnapoteza nini? Mkitaka kupanua kesho, nini kitawazuia? Jibu la swali la kwanza linawapa orodha ya kampuni za kutafuta, kwa kuwa mnunuzi tayari yupo. La pili linawaonyesha vyuo vifundishe nini. Mjue pia kwamba mwekezaji makini huwapigia simu wenyeji hao kimyakimya kabla ya kufika kwenu, na wakimlalamikia, hakuna kijitabu kitakachomrudisha.

Kutokana na majibu hayo chagueni sekta mbili, zikizidi sana ziwe tatu. Mkoa unaokaribisha sekta zote haujamwambia mtu chochote.

Sasa viwanja. Kila kiwanja kiwe na karatasi yake moja: ukubwa kwa hekta, mwinuko, jina la mwenye hati, matokeo ya vipimo vya udongo, historia ya mafuriko, uzito ambao barabara na madaraja yanahimili, na maji yanayopatikana kwa mita za ujazo kwa siku wakati wa kiangazi. Wastani wa mwaka hausaidii, kwa sababu kiwanda hakisimami kusubiri mvua. Andikeni pia maji taka yataelekezwa wapi. Kiwanja ambacho fidia haijalipwa msikiorodheshe kabisa, hata kiwe kizuri namna gani.

Kwenye umeme ndiko wengi huumbuka. Laini ya kilovolti 33 inapita jirani, basi mtu anaandika “umeme upo”. Mhandisi wa kampuni akija anauliza swali moja tu: kituo cha kupozea umeme kina megawati ngapi ambazo hazijaahidiwa mtu mwingine? Kama kituo kimejaa, laini kupita jirani haina maana. Kinahitaji transfoma kubwa zaidi, na hizo hutengenezwa kwa oda, hivyo kusubiri zaidi ya mwaka ni jambo la kawaida. Pateni takwimu hiyo kwa maandishi kutoka shirika la umeme, yenye tarehe, na iombeni upya kila baada ya miezi sita. Kama ni megawati 2, andikeni 2. Kampuni inayohitaji 10 itaondoka mapema bila kupotezeana muda, na inayohitaji 1 itawaamini.

Teueni ofisa mmoja wa kupokea maswali yote na kuyajibu ndani ya siku mbili za kazi, hata kama jibu ni “takwimu hii itapatikana Ijumaa”. Lakini cheo peke yake hakitamsaidia. Idara za ardhi, maji, mazingira, kodi na uhamiaji zimpe kila moja mtu anayewajibika kwake. Bila hivyo, dirisha hilo moja la huduma zote linageuka kuwa foleni nyingine mbele ya zile za zamani.

Vivutio vya kodi vifuate matokeo: ajira zikionekana kwenye michango ya hifadhi ya jamii, ndipo nafuu itolewe. Mwaka 2017 jimbo la Wisconsin, Marekani, liliahidi karibu dola bilioni 3 kwa Foxconn, kampuni ya Taiwan inayotengeneza vifaa vya elektroniki, kwa matarajio ya ajira 13,000. Mwaka 2021 mkataba uliandikwa upya: ajira 1,454, na nafuu isiyozidi dola milioni 80. Jimbo lilinusurika kwa kiasi kikubwa kwa sababu malipo yake yalitegemea ajira. Serikali za mitaa, ambazo zilishanunua ardhi na kujenga barabara na mabomba, hazikuwa na kinga hiyo. Jengeni kwa awamu, na kila awamu ifungwe na dhamana ya kampuni.

Kwa wataalamu, kosa kubwa ni kumhesabu mtu mmoja wakati inayohama ni familia. Mara nyingi mhandisi huondoka kwa sababu mwenzi wake hakupata kazi, au leseni yake ya uuguzi au ualimu ilikwama ofisini. Kwa hiyo ofa ya kazi iende pamoja na mambo matatu: mtu wa kumsaidia mwenzi kutafuta kazi, nafasi za shule zilizothibitishwa, na nyumba ya kupanga ya miezi mitatu ya mwanzo. Pesa taslimu nayo huvuta. Huko Tulsa, Oklahoma, Marekani, tangu 2018 mfuko wa hisani umekuwa ukitoa dola 10,000 kwa wanaofanya kazi kwa mbali wakihamia huko kwa angalau mwaka mmoja. Mkiiga, lipeni kwa mafungu, na watafuteni kwanza wazaliwa wa mkoa walioko nje, kwani wao wana ndugu wa kuwapokea.

Ila hakuna mkoa unaoweza kuagiza mafundi wote. Penang, Malaysia, ilianzisha kituo cha mafunzo mwaka 1989 ambacho viwanda vyenyewe vinashiriki kukiendesha na kuamua kifundishe nini. Hilo la kuamua ndilo gumu kuiga, maana vyuo hupenda kufundisha kwa mashine walizonazo. Wapeni waajiri kura kwenye bodi ya mitaala, na wao watoe mashine na wakufunzi.

Kampuni ikishafungua milango, ofisa yuleyule airudie mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili, akiwa na maswali yale ya mwanzo.